Fremu za Mbele Zisikutie Wazimu: Soma Kwanza Masharti ya Hati

Mimi ni mthamini wa majengo, Dar es Salaam. Mteja anayetaka nyumba ya kupangisha mara nyingi huniita akiwa ameshapiga hesabu zote kwenye simu: vyumba vingapi, kila kimoja shilingi ngapi, pesa itarudi baada ya muda gani. Hesabu hizo naziweka kando. Naomba hati, na humo natafuta pale palipoandikwa kiwanja kimetolewa kwa matumizi gani.

Tuseme nyumba ni ya aina unayoikuta Sinza au Tabata. Uani kuna vyumba sita vya kupanga, kila kimoja 80,000 kwa mwezi. Mbele, kwenye ukuta unaotazama barabara, fremu nne, yaani vyumba vya biashara, za 200,000 kila moja. Dalali atakwambia inaingiza 1,280,000, na hadanganyi. Ila hati inasema makazi. Kwa hiyo ile 800,000 ya fremu, zaidi ya nusu ya mapato yote, inatoka kwenye matumizi ambayo hayajaruhusiwa. Siku manispaa ikiamua kufuatilia, saluni na duka vinafungwa. Wewe unabaki na 480,000 ilhali nyumba ulishainunua kwa bei ya fremu. Mimi nyumba hiyo naithamini kwa vyumba vyake tu. Muuzaji akinuna, anune.

Atauliza, "Mbona mtaa mzima una fremu?" Ni kweli, lakini fremu za jirani hazibadilishi hati yako. Kubadilisha matumizi kuna njia yake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007: unaomba halmashauri, tangazo linatolewa ili majirani wenye pingamizi waseme, ndipo kibali kinatoka. Na kodi ya ardhi ya biashara ni kubwa kuliko ya makazi, jambo linalowafanya wengi wakae kimya. Aliyebadilisha ana karatasi mkononi. "Tuko kwenye mchakato" si karatasi.

Fremu hizohizo ndizo za kwanza kuingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipeleka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama za X za rangi mbili zinazochorwa kwenye kuta za nyumba za kubomolewa. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, hana fidia. Kijani ni ya yule aliyefuatwa na ule upana mpya, na huyo hulipwa. Tena usishike mita 30 kama msahafu: kwenye Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, bomoabomoa ya 2017 ilipimwa kwa mita 121.5. Ukiona ukutani kiraka cha rangi mpya chenye ukubwa wa sinia, kikwangue kwa ukucha, huenda kinaficha X.

Kwenye mabonde, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Waliobomolewa bonde la Msimbazi kuanzia Desemba 2015 wanaijua vizuri. Huko tazama plasta: ikiwa mpya hadi usawa wa kiuno na kuukuu kwenda juu, maji yamefika hapo.

Uthibitisho wenyewe haupatikani kwa mwenyekiti wa mtaa, hata kama ndiye shahidi wa mauziano. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kisha nenda kwa afisa mipango miji akuonyeshe mchoro wa kitalu kizima. Kile kiwanja kitupu cha jirani kinaweza kuwa barabara ambayo bado haijachongwa. Muuzaji akikutolea leseni ya makazi badala ya hati, jua hiyo ni ya muda na si hati miliki, bei ishuke.

Jambo la mwisho, ongea na wapangaji bila muuzaji kuwepo. Waulize kila mmoja amelipa hadi mwezi gani. Ukisikia mwenye nyumba alipita juzijuzi akitaka kodi ya mwaka mzima kwa punguzo, huenda anajua kinachokuja: rudi manispaa na namba ya kiwanja kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi.