Chunusi za ukubwani: dawa hupakwa hata pasipo na chunusi

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba chunusi ni za balehe, ukioa au ukizaa zitakwisha zenyewe. Ukishinda kwenye kliniki ya ngozi hapa Mtwara utaona mambo mengine. Anaingia mwalimu wa miaka 32, anafuata mama lishe wa miaka 40, nyuma yake kijana wa bodaboda ambaye naye ni baba wa watoto, na wote nyuso zimejaa vipele. Zinazoendelea au kuanza baada ya miaka 25 tunaziita chunusi za ukubwani, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengi hufika wakiwa wamekata tamaa kwa sababu wameshapaka kila walichoelekezwa. Ukiwahoji vizuri unagundua kwamba mara nyingi dawa haikuwa mbaya. Ilipakwa mahali padogo mno, kwa muda mfupi mno, ikachanganywa na vitu vingine vitano.

Kila kinyweleo cha uso kina tezi yake ya mafuta. Chembe za ngozi zilizokufa zikigandamana kwenye mdomo wa kitundu hicho, njia inaziba, mafuta yanajaa nyuma yake, na bakteria waishio humo siku zote wanaongezeka. Mwili nao unaamka kupambana nao, ndipo unapopata uvimbe, wekundu na usaha. Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba kuziba huko huanza wiki kadhaa kabla kipele hakijaonekana, pengine hata wiki 8. Kipele ulichoamka nacho leo kilianza zamani, na hata ukikipaka dawa ya meno, limao au spiriti, wenzake walio chini ya ngozi wanaendelea na safari yao.

Kwa hiyo dawa ya chunusi haipakwi kwenye kipele kimoja kimoja. Inapakwa eneo zima ambalo huwa linatoka vipele, hata siku ambayo eneo hilo ni safi. Na kwa sababu hiyohiyo, huwezi kuihukumu baada ya wiki mbili. Ipe wiki 8 mpaka 12. Najua ni muda mrefu kwa mtu ambaye ana harusi mwezi ujao, lakini anayebadilisha dawa kila baada ya siku kumi huwa anaanza upya kila mara.

Niseme kidogo kuhusu kunawa, maana hapa watu hujitesa bure. Chunusi hazitokani na uchafu. Weusi ule unaouona kwenye vitundu vya pua ni mafuta na ngozi iliyobadilika rangi kwa kukutana na hewa, na dodoki haliuondoi. Sabuni isiyo kali, asubuhi na usiku, inatosha. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, maji matupu hayana ubaya wowote. Kinachoumiza ni kupitisha sabuni kila mara na kujifuta kwa nguvu na taulo gumu. Sabuni ya mche na sabuni ya magadi ziachie nguo. Kama maji yenu ni ya kisima cha chumvi na sabuni haitoi povu, usiongeze sabuni, suuza tu vizuri zaidi.

Baada ya hapo, vitu vinavyohitajika kwa siku ni vichache kuliko unavyodhani. Usiku unanawa, unasubiri uso ukauke, kisha unapaka dawa moja. Kwa wengi naanza na adapaleni ya asilimia 0.1 au benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5. Ya kwanza huzuia vitundu visizibe, ya pili huua bakteria. Kiasi ni punje moja ya mbaazi kwa uso mzima: gusa paji, mashavu yote mawili, pua na kidevu, halafu sambaza. Kwa Waislamu wakati mwepesi ni baada ya Isha, kwa kuwa hakuna kutawadha tena mpaka Alfajiri. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, pumzika mmoja. Ngozi itakauka, itabanduka kidogo, na adapaleni inaweza hata kuongeza vipele kabla haijavipunguza. Hiyo si sababu ya kuacha. Kama inawaka sana, punguza usiku wa kupaka na paka kilainishi kisicho na mafuta mazito.

Tahadhari mbili. Benzoili peroksaidi hung'oa rangi ya kitambaa, kwa hiyo foronya iwe nyeupe na khanga nzuri au mtandio wa sherehe visiguse uso uliopakwa. Adapaleni na dada zake, yaani dawa za jamii moja nayo zinazoitwa retinoidi, hazifai kwa mjamzito wala kwa anayetafuta mimba. Yeye nampa asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, ambayo ina faida nyingine inayopendwa sana na ngozi yetu nyeusi: inafifisha madoa yanayobaki baada ya kipele kupona.

Madoa hayo ndiyo yanayoleta watu wengi hospitalini kuliko chunusi zenyewe, na jua la Pwani ya Kusini linayakoleza. Asubuhi, kwa hiyo, nawa, kisha paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, iliyoandikwa kwamba ni ya uso wenye mafuta. Ukiipoteza kwa kutawadha adhuhuri, rudia. Asiyeipata avae kofia pana au ashushe mtandio. Mafuta ya nazi, ambayo tunayo kila nyumba na yanafaa sana kwa miguu iliyopauka, yaondoe usoni kabisa, kwani huziba vitundu. Liwa haina shida kubwa kama unaipaka mara mojamoja na kuiosha bila kusugua.

Sasa nije kwenye mkorogo. Kila mgonjwa mpya namwomba aje na kila anachopaka. Mfuko wa rambo unamiminwa mezani: sabuni ya kung'arisha, losheni ya karoti, kikopo kisicho na lebo alichochanganyiwa saluni, na karibu kila mara kuna tyubu ndogo iliyokunjwa mpaka nusu. Naigeuza, natafuta maandishi madogo. Nikisoma betamethasoni au klobetasoli, nusu ya kazi yangu imekwisha. Hizo ni krimu za steroidi, dawa nzuri kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, lakini si za chunusi. Wiki ya kwanza uso unatulia na unang'aa, watu wanakusifu. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinywele vinaota mashavuni, na vinatoka vipele vidogo vinavyofanana vyote kana kwamba vimepimwa. Ukiacha, uso unalipuka, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu anaamini tyubu ilikuwa inamponya, anairudia. Kama umeitumia kwa miezi, njoo tukusaidie kuiacha kwa mpango. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia vipodozi. Kikopo kisicho na lebo hakuna shirika linaloweza kukuambia kina nini.

Kwa wanawake, angalia vipele viko wapi na vinatoka lini. Vinavyokaa kidevuni, kwenye taya na shingoni, na kuongezeka siku chache kabla ya hedhi, mara nyingi vinaongozwa na homoni. Sindano ya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu, wakati vidonge vyenye homoni mbili huzipunguza. Usikimbilie kutoa kijiti; zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango, mimba usiyoitarajia ni mzigo mkubwa kuliko chunusi. Lakini kama hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota na nywele za utosini zinapungua, hilo linahitaji vipimo, si krimu.

Si kila kipele ni chunusi. Kwa joto letu la unyevunyevu, vipele vidogo vinavyowasha, vya ukubwa mmoja, kwenye paji, kifua na mgongo, mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo. Vidonge vya antibiotiki huviongeza, dawa ya fangasi huviondoa. Kwa wanaume, vipele vya chini ya taya na shingoni vinavyoanza baada ya kunyoa ni ndevu zilizopinda na kuingia tena kwenye ngozi. Mwambie kinyozi asikuchonge hadi chini kabisa, na ndevu ziache milimita moja au mbili.

Halafu kuna mambo ya korosho. Mwezi Juni na Julai, mikorosho inapopuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, napokea watu wenye uso mwekundu unaowaka, na wanaobangua korosho huja wamebabuka kwa mafuta ya maganda waliyojipangusia usoni kwa mkono. Hayo ni majeraha ya kemikali. Nawa maji mengi, vaa glovu, funika uso. Wapo wanaochukua salfa ya shambani wakajipaka kwa sababu wamesikia salfa ni dawa ya chunusi. Ni kweli, ni dawa ya zamani sana, lakini ile iliyopimwa kwenye sabuni au krimu. Ya kwenye mfuko wa kilo 25 ni ya mikorosho.

Kuhusu chakula, sina la kusema sana. Kwa baadhi ya watu soda, vitu vitamu na maziwa vinaonekana kuchangia kidogo. Karanga na korosho zinasingiziwa bila ushahidi wa kutosha.

Vidonge vya antibiotiki kama doksisaiklini vina nafasi yake pale chunusi zinapokuwa nyingi na zenye uvimbe, lakini kwa cheti, pamoja na dawa ya kupaka, na kwa kawaida si zaidi ya miezi 3 au 4. Kununua vidonge vya rangi mbili viwili vitatu dukani, au kufungua kapsuli na kunyunyiza unga usoni, kunawafundisha bakteria kuizoea dawa. Mjamzito asitumie doksisaiklini.

Usisubiri wiki 12 kama una mabonge makubwa yanayouma chini ya ngozi, kama vipele vinaacha mashimo, au kama makovu ya kifuani na mabegani yanavimba na kukua. Pitia zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa, kisha ufike hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kama uko Mtwara, au Sokoine kama uko Lindi. Chunusi za namna hiyo zinaweza kuhitaji isotretinoini, dawa ya kumeza inayofanya kazi kweli, ila inaharibu mtoto tumboni. Mwanamke haandikiwi bila kupimwa mimba na kuwa na njia ya uhakika ya kuizuia, na haitakiwi kuazimwa kwa shoga wala kununuliwa kwa mtu wa mtandaoni. Siku ya kuja usijipake poda wala fondesheni, nahitaji kuiona ngozi yenyewe.