Benki Kuu ya Uganda na Hesabu ya Biashara Isiyo na Karatasi

Katika takwimu zote zinazoingia kwenye meza ya sera ya fedha nchini Uganda, hakuna ninayoithamini kuliko ile ya biashara ndogo ndogo za mpakani, ambayo Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, huikusanya kwa kushirikiana na Benki Kuu. Kazi yangu ni uchambuzi wa urari wa malipo ya nje, na wasomaji wa miji ya mpakani ya Busia, Malaba na Mutukula huniuliza mara kwa mara kwa nini Benki Kuu, wanayoijua kwa noti na kwa matangazo ya riba, ijishughulishe na magunia ya mahindi yanayovushwa kwa baiskeli. Ni kwa sababu bila kuyahesabu magunia hayo hatuwezi kujua nchi inapata fedha za kigeni kiasi gani, na asiyejua hilo hawezi kueleza kwa nini shilingi imepanda au imeshuka.

Urari wa malipo ni daftari la shughuli zote za kiuchumi kati ya wakazi wa nchi na watu wa nje. Kahawa haisumbui sana, kwani husafirishwa katika magunia ya kilo 60, ina hati za forodha, ina mnunuzi anayejulikana, na malipo yake hupitia benki. Mama anayevuka Busia na mkungu wa matoke kichwani na trei za mayai mkononi hana hati hizo. Analipwa shilingi za Kenya, anazibadilisha kwa mbadilishaji fedha, kisha anarudi kununua mzigo mwingine. Tangu mwaka 1990 maduka ya kubadilishia fedha yamekuwa halali nchini, na mwaka 1997 vizuizi vya kuingiza na kutoa mitaji viliondolewa, kwa hiyo fedha za kigeni zinaweza kuingia katika mfumo wetu huku bidhaa iliyozileta haijaandikwa popote. Daftari lazima lilingane pande zote mbili, na pengo linalobaki huwekwa kwenye mstari unaoitwa makosa na mapungufu. Mstari huo ukinenepa, mchambuzi makini hukosa usingizi, maana kuna sehemu ya uchumi inayotembea bila yeye kuiona.

Ndiyo maana wadadisi hupelekwa mpakani kutazama. Hawamhoji mfanyabiashara, na uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa mtu anayeulizwa na mgeni mwenye daftari thamani ya mzigo wake hudhani kodi inafuata, naye hupunguza au hukwepa kabisa. Mdadisi hukaa mahali anapoona njia, akaandika kinachopita, kwa chombo gani na kwa kipimo gani: gunia, debe, tenga, kreti. Pale Busia huona pia baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wachukuzi muhimu wa mpaka ule, mzigo ukiwa umefungwa mbele na nyuma ya kiti. Utazamaji hufanyika kwa sehemu ya mwezi tu, kisha takwimu hukuzwa ili ziuwakilishe mwezi mzima.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye kipimo, na hapo nitakaa kidogo. Gunia la mahindi upande wa Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, na upande wetu wengi huhesabu kilo 100, lakini gunia linalovuka linaweza kuwa lumbesa, limeshonewa kilemba juu hadi likafika kilo 120 au zaidi. Tuchukue mfano wa baiskeli 40 zinazovuka kwa siku, kila moja na magunia mawili. Ukitumia kilo 90 utapata kilo 7,200, na ukitumia kilo 120 utapata 9,600. Tofauti hiyo ni theluthi nzima ya makisio ya kwanza, na bado hatujagusa bei wala hatujakuza siku chache kuwa mwezi. Kwa hiyo mzani ni chombo cha utafiti wa uchumi sawasawa na kompyuta: lazima sampuli ya magunia ipimwe, tena ipimwe upya msimu ukibadilika, kwa sababu mahindi mabichi ya mwanzo wa mavuno ni mazito kuliko yaliyokauka. Bei nayo huchukuliwa kutoka soko la upande bidhaa inakotoka, ili gharama za uchukuzi na faida ya mnunuzi zisihesabiwe kama mapato ya Uganda.

Zipo pia njia za panya, upo usiku, na ipo mitumbwi inayotoka Majanji ikiwa imebeba dagaa, ambao hapa tunawaita mukene. Hakuna mdadisi anayeweza kuvitazama vyote. Makisio yetu kwa hiyo yana mwelekeo wa kuwa chini ya hali halisi, na ni wajibu wa kila anayeyatumia kulisema hilo waziwazi.

Faida ya kazi hii huonekana zaidi bei zinapopanda. Mwaka 2011 ukame uliikumba Pembe ya Afrika na sehemu kubwa za Kenya, mahitaji ya chakula yakaongezeka katika kanda nzima, na hapa Uganda mfumuko wa bei wa mwaka ulipita asilimia 30 mwezi Oktoba. Benki Kuu ilikuwa imeanza mfumo mpya wa riba elekezi, yaani riba yake inayoongoza riba nyingine sokoni, mwezi Julai mwaka huo kwa asilimia 13, na kufikia Novemba riba ilikuwa asilimia 23. Shabaha yake ni mfumuko wa bei wa msingi wa asilimia 5 katika kipindi cha kati, na kipimo hicho huweka kando mazao ya chakula, pamoja na nishati, mafuta na huduma kama maji na umeme. Sababu ni kwamba riba haiwezi kuleta mvua. Hata hivyo Kamati ya Sera ya Fedha lazima ijue ni sehemu gani ya moto huu wa bei imetokana na chakula kilichovushwa kwenda kwa jirani, na ni sehemu gani imetokana na mikopo iliyokua kupita kiasi au shilingi iliyodhoofika. Maharage yanayoondoka kwa wingi kupitia Malaba ni habari njema kwa mkulima wa Tororo na ni mzigo kwa mpangaji wa Kampala, na mchambuzi asiyeiona safari ya maharage hayo anaweza kudhani wananchi wana pesa nyingi mno mfukoni.

Tahadhari nyingine inahusu maana ya ongezeko. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa cheti cha asili, hati inayoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Mfanyabiashara akihama kutoka njia ya panya kwenda dirishani, mauzo rasmi hupanda bila gunia moja kuongezeka. Mimi husisitiza safu hizi mbili, ya rasmi na isiyo rasmi, zisomwe pamoja kila mara. Mwezi Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa abiria na malori ya mizigo yakaruhusiwa kuendelea, biashara ya wachukuzi wa miguu ilianguka vibaya, na mtu aliyetazama takwimu za forodha peke yake hakuweza kuona kipato cha familia ngapi za mpakani kilikatika.

Kwa sasa ninaona eneo linalohitaji utafiti kwa haraka ni malipo kwa simu. Mnunuzi wa Kisumu anaweza kumtumia ndugu yake aliye Tororo fedha, na ndugu huyo akamlipa mwenye samaki. Katika kumbukumbu, muamala huo unafanana na msaada wa kifamilia kutoka nje. Samaki wenyewe mdadisi amewahesabu mpakani, fedha zao zimehesabiwa kama uhamisho wa kifamilia, na mapato yale yale yameingia kwenye daftari mara mbili. Upande wa Mpondwe, ambako mnunuzi wa Kongo hulipa kwa dola taslimu, tatizo hilo ni dogo zaidi, ila kule fedha hazionekani kabisa. Pendekezo langu ni kwamba hojaji za fedha zinazotumwa na jamaa walio nje ziongezewe swali moja katika wilaya za mpakani: fedha ulizopokea zilikuwa za matumizi ya nyumbani, au zilikuwa malipo ya mzigo?