Betri ya Pili kwenye Magari ya Kambi: Maelekezo kwa Wamiliki, Madereva na Mafundi Kabla ya Msimu wa Kiangazi

Tunapokaribia miezi ya kiangazi, ambapo magari mengi ya kambi hutoka Arusha kuelekea Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kituo chetu cha ukaguzi wa magari kinaendelea kupokea malalamiko ya aina moja: mmiliki amefunga betri ya pili kwa ajili ya friji na taa za kambi, amelipa fedha nyingi, na asubuhi ya pili porini gari haliwaki, au, vibaya zaidi, moshi umetoka chini ya kiti cha nyuma. Baadhi ya wananchi wametuomba tutaje gereji na chapa za betri zinazopaswa kuepukwa. Taasisi haitaji gereji wala chapa, na makala hii haitafanya hivyo. Inatosha kusema kwamba katika magari tuliyoyafungua, betri iliyolalamikiwa mara nyingi ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye nyaya, fyuzi na kitenganishi (kifaa kinachozitenga betri mbili injini inapozimwa), yaani vile vitu ambavyo mteja havioni na kwa hiyo hapendi kuvilipia.

Yapo madai tunayoyasikia karibu kila wiki kwamba gari fulani "lilikuja na betri mbili kutoka Japani", hivyo halihitaji kazi yoyote zaidi. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano ili kuipa stata volti 24; nyingine zina betri mbili zilizounganishwa sambamba ili kuongeza nguvu ya kuwasha injini wakati wa baridi. Katika hali zote mbili, betri hizo ni za kuwashia, na friji ikizimaliza, injini haitawaka. Kosa kubwa zaidi ni la fundi anayechota volti 12 kutoka kwenye betri moja tu ya mfumo wa volti 24. Betri inayochotwa hubaki na njaa, mwenzake hupokea chaji kupita kiasi hadi maji yake yanachemka, na baada ya muda zote mbili hufa. Gari la volti 24 linahitaji kipunguza volti kinachochukua umeme kutoka kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado tunaletewa magari yenye kosa hilohilo.

Mfumo tunaouzungumzia hapa ni ule wenye betri ya kuwashia iliyotengwa kwa kazi yake peke yake, na betri ya kambi ambayo huchajiwa injini inapofanya kazi na kutengwa injini inapozimwa. Betri ya kuwashia ina mabamba membamba yanayotoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiitumia usiku kucha kulisha friji, unaiharibu hata kama asubuhi itawasha gari. Betri ya kambi ya risasi, iwe ya maji au kavu, haipaswi kushushwa mara kwa mara chini ya nusu ya uwezo wake, kiwango ambacho kwa betri iliyopumzika (isiyochajiwa wala kutumika kwa muda) huonekana kama volti 12.1 hivi, ilhali iliyojaa husoma karibu 12.7. Friji ya kompresa ya lita 40 katika joto la nyanda zetu inaweza kutumia ampea-saa (ampea zinazotumika mara saa za matumizi) 30 hadi 50 kwa siku, kutegemea mlango unafunguliwa mara ngapi. Kwa hiyo betri ya risasi ya ampea-saa 100 ni ya siku moja au moja na nusu, siyo siku tatu kama wauzaji wanavyodai.

Kitenganishi kinachotumika sana ni rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inayopima volti. Kwa kawaida huunganisha betri mbili pale volti inapofika karibu 13.3, dalili kwamba altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) inachaji, na huzitenga volti inaposhuka hadi karibu 12.8. Ni kifaa rahisi na kinatosha kabisa kwenye magari ya zamani yenye betri za risasi. Hakifai kwenye magari mapya ambayo altaneta yake huongozwa na kompyuta ya gari, kwa kuwa kompyuta hupunguza volti ili kuokoa mafuta na rilei hubaki imezitenga betri safari nzima. Hakifai pia kwa betri ya lithiamu. Betri hiyo hata ikiwa imepumzika hukaa juu ya volti 13, hivyo rilei inaweza kuendelea kuziunganisha betri mbili saa nyingi baada ya injini kuzimwa. Zaidi ya hapo, lithiamu ikiwa tupu huvuta umeme mwingi kiasi cha kuiunguza altaneta. Kwa magari ya namna hiyo tunataka chaja inayokaa kati ya altaneta na betri ya pili, yenye kikomo cha ampea 20 hadi 40 kulingana na ukubwa wa altaneta. Ni ghali kuliko rilei. Hilo tunalifahamu.

Suala la nyaya ndilo linalotupotezea muda mwingi kuliko mengine yote. Chukua gari lenye betri ya pili nyuma, ambapo waya wa chanya una mita 5 na wa hasi unaorudi una mita 5 nyingine. Fundi akitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 6, na betri ikivuta ampea 40, volti zipatazo 1.2 hupotea njiani. Altaneta inatoa 14.2, betri inapokea 13.0, na kwa volti hiyo betri ya risasi huchaji polepole mno. Wati 47 hivi zilizopotea hazikwenda hewani. Zimegeuka joto ndani ya waya uliofichwa chini ya zulia. Waya wa milimita za mraba 25 hupoteza volti 0.3 tu katika mazingira hayohayo, na huo ndio tunaoupendekeza. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: ikionekana nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na vipimo nilivyotaja havihusiani nayo.

Kuhusu fyuzi, tunaomba mafundi waache kutujibu kwamba "moja inatosha". Waya unaounganisha betri mbili una chanzo cha umeme kila upande. Ukikatwa na kugusa chesisi katikati, fyuzi ya upande wa injini itaungua kama inavyotakiwa, lakini betri ya nyuma itaendelea kumwaga mamia ya ampea kwenye waya huohuo mpaka uwake moto. Kwa sababu hiyo tunadai fyuzi mbili, kila moja ikiwa karibu na teminali ya betri yake kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 20, na ukubwa wake uchaguliwe kwa kuangalia uwezo wa waya. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, inatikisa gari kwa saa kadhaa. Waya uliopitishwa kwenye tundu la bati bila raba ya kuukinga utasagika hadi shaba ionekane. Hoja kwamba volti 12 haimdhuru mtu ni kweli kwa ngozi kavu. Moto wa gari ni jambo jingine.

Betri ya maji isikae mahali watu wanapolala, kwa kuwa inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Lithiamu isiwekwe chini ya boneti kwa sababu ya joto. Yoyote kati ya hizo ifungwe kwa mkanda wa chuma au boliti. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na gari likipinduka huruka kama jiwe. Wanaotaka kuchemsha maji kwa birika la umeme kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) wafahamu kwamba wati 1,500 ni zaidi ya ampea 125 kutoka kwenye betri. Chukueni jiko la gesi.

Mmiliki anayeleta gari kwa ukaguzi wa hiari alilete likiwa limezimwa kwa muda wa kutosha, akiwa na mchoro wa nyaya uliosainiwa na fundi. Mkaguzi hupima volti za betri zote mbili zikiwa zimepumzika, kisha injini ikiwa inafanya kazi polepole, kisha friji na taa zote zikiwa zimewashwa. Halafu injini huzimwa, mzigo huachwa kwenye betri ya kambi, na betri ya kuwashia hupimwa tena ili kuthibitisha kwamba haishuki. Mwisho, waya wa hasi huondolewa kwanza, kisha wa chanya, ili fyuzi zikaguliwe. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia. Gari lenye fyuzi moja halipewi hati, hata kama mmiliki ana safari kesho yake.

Tunakumbusha pia kwamba, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, askari anaweza kulizuia gari bovu lisiendelee na safari, na nyaya zinazoonekana kuungua ni ubovu. Mwenye bima kubwa anatakiwa kuiarifu kampuni yake kwa maandishi kuhusu badiliko hili; asipofanya hivyo, anaipa kampuni sababu ya kukataa dai la moto, na barua za malalamiko zitakazofuata hazitabadili masharti aliyoyasaini. Betri za risasi zilizokufa ni taka hatarishi kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021. Kuzikusanya na kuzisafirisha kunahitaji kibali, na kumwaga asidi yake mtaroni ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa faini, kifungo au vyote viwili. Mwenye betri ya namna hiyo aikabidhi kwa mkusanyaji aliyethibitisha kwamba ana kibali hicho, ikiwa imesimama wima na vifuniko vyake vimefungwa, na adai stakabadhi yenye tarehe na idadi ya betri zilizopokelewa.