Mkojo wenye bakteria bila dalili si UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)

Juzi nimeletewa mzee wa miaka 70 na kitu, ana mpira wa mkojo miezi minne, anasubiri kukwanguliwa tezi dume. Kwenye faili, antibiotiki tatu: sipro siku 7, sefiksimu siku 10, kisha gentamaisini. Homa hana, kiuno hakimuumi. Sababu iliyoandikwa: "UTI sugu, mkojo usafike kabla ya upasuaji." Majibu ya mwisho ya kuotesha mkojo (kukuza bakteria wake maabara) ni bakteria aitwaye Klebsiella, anayesikia antibiotiki moja tu, meropenemu.

Nimechoka kulirudia hili. Mkojo wa mwenye mpira hausafiki! Kila siku ya mpira, asilimia 3 hadi 8 ya wagonjwa hupata bakteria. Ukitimia mwezi, karibu wote wanao. Bakteria hao wamejijengea utando kwenye plastiki, na dawa haiupenyi vizuri. Unaua wanyonge, wabishi wanabaki na nyumba nzima. Na seli za usaha? Mpira wenyewe huzileta.

Sisemi tuwapuuze bakteria hao. Tukikwangua, mishipa ya damu inabaki wazi huku maji ya kusafishia yakisukuma, na bakteria wanaingia kwenye damu. Jioni mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, presha inashuka. Kwa hiyo dawa ni ya saa ile ya kukwangua: otesha mkojo siku chache kabla, chagua dawa kwa majibu, mpe dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza, dozi moja au mbili, basi. Anayechunguliwa kibofu tu kwa kamera haihitaji.

Wa kuwaogopa zaidi ni wenye mpira wa muda mrefu, kisukari, upasuaji unaochukua muda mrefu, na vijiwe vya mkojo. Kijiwe kinadanganya: mkojo wa kibofu unaota safi, ndani ya jiwe bakteria wamejaa. Vipande vyake navyo vioteshwe.

Mwenye mpira wa miezi hunisitisha. Mwongozo unasema dozi moja au mbili, ila mara nyingine nimeendelea na dawa baada ya upasuaji mpaka mpira utoke, na kilichonisukuma kilikuwa hofu, si ushahidi.

Mzee huyu kesho nambadilishia mpira. Keshokutwa asubuhi, meropenemu, kisha chumba cha upasuaji. Binti yake, mfuko wa maboksi matupu mkononi, ameniuliza, "Dokta, na hizi zote tulizonunua?"

Hazikuhitajika, dada. Hata moja.