Si kila uvimbe kando ya ukucha una usaha
Hapa Bukavu, kidole kikivimba kando ya ukucha, wengi huipitisha sindano juu ya moto wa makala na kukitoboa, wakiamini kwamba kila uvimbe una usaha. Sivyo. Ngozi ikiwa nyekundu na yenye maumivu lakini bado ngumu, hakuna cha kutoa. Kuloweka kidole katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, mara nyingi hutosha. Usaha ukionekana chini ya ngozi, mwuguzi ndiye autoe kwa kifaa safi. Malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja huenda ni ya virusi vya hepesi, na hayo hayapasuliwi. Mama anayefua kila siku, ambaye vidole vyake vimevimba kwa zaidi ya wiki 6, kwa kawaida huhitaji mikono mikavu na glavu kuliko antibiotiki, ingawa ndizo anazouziwa upesi.