Je, wajua kwa nini moyo hununua fimbo ya gofu kabla ya akili?

Mtazame mchezaji wa gofu anayetafuta draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia mchezo kwenye mashimo ya mbali. Hasomi maelezo kwanza. Anaishika, anaiweka chini kana kwamba kuna mpira mbele yake, anaiangalia kutoka juu, anaizungusha kidogo mkononi, kisha anaigeuza auone uso wake, yaani ule upande unaogonga mpira. Hajapiga mpira hata mmoja, lakini tayari ameshaanza kuegemea upande. Pembe ya uso, ugumu wa mpini na bei vitafuata, na mara nyingi vitatumika kutetea kile ambacho moyo umekwisha kukichagua.

Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu wa kukemewa. Mimi sikubaliani nao. Hisia zinazoingia katika ununuzi wa fimbo si za aina moja: zipo zinazotokana na fimbo yenyewe, na zipo zinazotokana na siku uliyoinunua. Za kwanza zina kazi ya kweli uwanjani. Za pili ndizo zinazomaliza fedha za watu.

Sababu ya kwanza ya hisia kupata nafasi kubwa hivi iko kwenye kanuni. Vyombo viwili vinavyosimamia sheria za gofu duniani, R&A chenye makao yake St Andrews, Scotland, na USGA cha Marekani, vimeweka mipaka ya vifaa. Kichwa cha draiva hakitakiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Uso wake hupimwa nguvu ya kuurudisha mpira, na ukizidi kiwango, fimbo hiyo haikubaliki mashindanoni. Kampuni kubwa zilikwisha kuifikia mipaka hiyo miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo ukilinganisha draiva mbili mpya za daraja moja, mara nyingi utakuta tofauti ya umbali kati yake ni ndogo kuliko tofauti kati ya mpigo wako wa kwanza na wa tano. Namba zikikaribiana kiasi hicho, hisia ndizo zinazokata shauri.

Na hata namba zisipokaribiana, binadamu haamui kwa hesabu tupu. Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu, aliandika habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, wale ambao akili ya kufikiri ilibaki nzima lakini hisia zilififia. Mmoja wao, alipoombwa achague kati ya siku mbili za miadi, alitumia karibu nusu saa akipima sababu za kila siku bila kufikia uamuzi. Mtu asiyehisi chochote asingenunua fimbo bora kuliko wengine. Angebaki dukani mpaka lifungwe.

Sasa tuje kwenye sauti, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa muda wa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Taarifa kutoka mikononi inapofika kwenye ubongo, mpira umeshaondoka zamani. Kile ambacho wachezaji hukiita mguso wa mpigo, yaani kuhisi kuwa umeupata mpira sawasawa au umeukosea, ubongo hukijenga baadaye kwa kuunganisha mtetemo wa mpini na mlio uliosikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilinganisha maelezo ya wachezaji kuhusu mguso na vipimo vya sauti ya mpigo, wakakuta kuwa vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja kwa karibu sana. Sehemu kubwa ya kile unachodhani unakihisi kwa viganja, kumbe unakisikia kwa masikio.

Watengenezaji wanalijua hilo vizuri. Mwaka 1959 Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric huko California, alitengeneza katika gereji yake fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Kila ilipogonga mpira ilitoa mlio mkali wa chuma, naye akaiita PING kwa kuufuata mlio huo. Jina hilo leo ni la moja ya kampuni kubwa za vifaa vya gofu. Kinyume chake kiliwapata Nike mwaka 2007 walipotoa draiva yenye kichwa cha mraba, iliyobuniwa kwa makusudi ili isipinduke haraka mpira ukigongwa pembeni ya uso. Kwa fizikia wazo lilikuwa zuri. Lakini ilikuwa na mlio wa kopo tupu linalogongwa, na malalamiko juu ya sauti yake yakawa mengi kuliko sifa za unyoofu wake. Siku hizi wahandisi huweka mbavu nyembamba ndani ya kichwa cha draiva ili kuupanga mlio wake, jambo linaloonyesha kuwa sauti imepewa uzito kama kipimo kingine chochote.

Kisha kuna kushika. Fimbo ya gofu ni bidhaa ambayo ni vigumu mtu kuinunua bila kuitia mkononi, na mkono una mambo yake. Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha mwaka 2009 kwamba kugusa kitu tu huongeza hisia kwamba kitu hicho ni chako, hata kabla hujakilipia. Ukiunganisha hilo na jaribio maarufu la Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, lililochapishwa mwaka 1990, picha inakamilika. Watu waliopewa vikombe walidai bei ya kuviuza iliyokuwa takriban maradufu ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa kuvinunua. Vikombe vilikuwa vilevile. Ndiyo maana fimbo uliyoishika kwa nusu saa huwa ngumu kuirudisha kwenye rafu, na ndiyo maana seti ya zamani hubaki stoo miaka nenda rudi: kila bei unayotajiwa unaiona ndogo.

Historia ya mtu inapoigusa fimbo, thamani yake huacha kabisa kufuata chuma. Fimbo ambazo Tiger Woods anaelezwa kuzitumia alipotwaa mataji makubwa manne mfululizo kati ya mwaka 2000 na 2001 ziliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani. Kama vifaa vya kuchezea, zimepitwa na muundo wa leo.

Je, imani hiyo inafanya kazi uwanjani, au ni ndoto tu? Hapa kuna jambo ninalolipenda sana. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapa watu fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Kundi moja liliambiwa kwamba fimbo hiyo iliwahi kuwa ya Ben Curtis, bingwa wa mashindano ya The Open ya mwaka 2003. Kundi la pili halikuambiwa habari hiyo. Baada ya kusikia habari ya bingwa, watu wa kundi la kwanza walilichora shimo kuwa kubwa zaidi, na mipira mingi zaidi ikaingia. Lilikuwa jaribio dogo, la mipigo mifupi, kwa hiyo haifai kulitumia kutetea draiva yoyote ya bei ghali. Lakini mpigo wa shimoni ni mpigo wa utulivu, na mkono unaoiamini fimbo hautetemeki kama mkono wenye shaka. Anayesema anaipenda fimbo yake ya kusukumia kwa sababu tu inampa amani ana hoja nzito.

Hadi hapo tumezungumzia hisia zinazotoka kwenye fimbo. Zile za siku ni habari nyingine.

Chukua mchezaji ambaye kwa kawaida humaliza uwanja kwa mipigo 90. Jumamosi anaharibu, anamaliza kwa 101. Anatoka na hasira, Jumatatu ananunua fimbo mpya, na Jumamosi inayofuata anapata 91. Sifa zote zinakwenda kwa fimbo. Ukweli ni kwamba hata angecheza na ile ya zamani, kuna uwezekano mkubwa angerudi karibu na 90, kwa kuwa 101 ilikuwa siku mbaya isiyo ya kawaida. Francis Galton alilieleza jambo hili katika karne ya 19: matokeo yaliyopita kiasi huelekea kufuatiwa na yaliyo karibu na wastani. Kwa kuwa watu wengi hununua wakiwa wamekasirika, karibu kila fimbo mpya huonekana imeleta nafuu. Baada ya wiki chache inafika siku nyingine mbaya, na safari inaanza upya.

Furaha nayo hudanganya. Katika mipira kumi ya majaribio, mmoja utaruka mrefu na mnyoofu, na huo ndio utakaokumbukwa wakati wa kulipa. Zaidi ya hapo, namba iliyochorwa kwenye fimbo za chuma, zile za mipigo ya umbali wa kati, haina kipimo kimoja kilichowekwa na sheria. Fimbo namba 7 ya miongo kadhaa iliyopita ilikuwa na uso uliolala kwa nyuzi 36 au zaidi. Nyingi za leo zinazolenga wachezaji wa kawaida zina nyuzi 30 au chini ya hapo, na mara nyingi mpini wake ni mrefu kidogo. Uso ukisimama zaidi, mpira unakwenda mbali zaidi. Mchezaji anafurahi kwamba namba 7 yake imeongezeka umbali, wakati kwa nyuzi anashika kitu kilicho karibu na namba 5 ya zamani, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya kupiga mbali kuliko namba 7. Waulize wauzaji nyuzi, usiwaulize namba.

Na kuna kiburi, ambacho hakisemwi hadharani. Ugumu wa mpini huandikwa kwa herufi: R ni wa kawaida, S ni mgumu. Wapo wenye mpigo wa kasi ya wastani wanaochagua S kwa sababu wanaona haya kuonekana na R. Vivyo hivyo fimbo zile nyembamba za chuma, nzuri machoni kuliko zote, hazisamehi mpigo uliokosea katikati ya uso. Anayezinunua kwa ajili ya urembo wake sina ugomvi naye, mradi ajue anachokilipia.

Kwa hiyo ningekushauri hivi. Kwa fimbo ya kusukumia mpira shimoni, usikilize moyo karibu kabisa, maana utulivu wako ni sehemu ya kifaa. Kwa ugumu na urefu wa mpini na kwa pembe ya uso, kipimo ndicho kiamue, na urembo usubiri nje. Usinunue ndani ya wiki ya matokeo mabaya. Nenda na fimbo yako ya zamani, uzipige kwa kupokezana, kisha uangalie mipira mibovu ya kila moja ilikoangukia, kwani ndiyo itakayokugharimu mipigo. Na ukiwa umevutiwa na sauti ya draiva ndani ya chumba cha majaribio, omba uipige nje kabla ya kulipa: kuta na dari hurudisha mwangwi, na mlio uliokupendeza pale unaweza kuwa mwingine kabisa kwenye uwanja wazi.