Homa ya matumbo mjini Dar es Salaam: maswali tunayoulizwa zahanati

Homa ya matumbo ni nini?
Ni taifodi. Bakteria wake, Salmonella Typhi, hutoka kwenye kinyesi cha mwenye ugonjwa na kumfikia mwingine kwa maji, chakula au mikono. Mbu hahusiki.

Nimekuja mjini kwa mwezi mmoja tu. Maji ninywe yapi?
Yaliyochemshwa. Yakishatokota, yaache dakika moja kamili, yafunike yapoe, kisha yahifadhi kwenye ndoo safi yenye koki. Wengi huchemsha vizuri, halafu nyumba nzima inachota kwa kikombe kimoja, vidole ndani. Kazi bure.

Maji ya kisima kuwa meupe hakumaanishi ni safi. Masika kuna watu wanaofungulia vyoo mvua ikianza kunyesha, uchafu uende na maji. Jamani, unaenda wapi? Unaingia kwenye visima vifupi vya majirani. Tunaomba mchezo huo ukome.

Barafu na juisi ya miwa je?
Ubaridi hauui bakteria huyu. Barafu ya maji yasiyochemshwa ni maji yasiyochemshwa. Kwa muuza miwa, itazame ndoo anayooshea miwa na glasi. Ukiona maji yamegeuka rangi, pita. Chipsi zikitoka kwenye mafuta ya moto hazina neno, ila kachumbari ya pembeni iache. Embe limenye mwenyewe, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni.

Nimechanjwa. Bado nihangaike?
Ndiyo. Chanjo hupunguza hatari, haiimalizi. Ile ya sindano ichomwe angalau wiki mbili kabla ya safari.

Nina homa siku ya tatu. Si ninunue tu dawa duka la dawa?
Hapana. Nenda kituo cha afya leo, upimwe malaria kwanza, kisha daktari aamue vipimo vingine. Kila mara tunapokea mgonjwa anayetuonyesha karatasi ya vidonge vya siprofloksasini (antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria) iliyobaki nusu: alimeza siku mbili, akapata nafuu, akaacha, homa ikarudi kali zaidi. Kuna bakteria wa taifodi waliokwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo, na kumeza ovyo ndiko kunakozidisha usugu.

Lakini jirani yangu alipona kwa dawa hizo hizo.
Huenda hakuwa na taifodi. Nasema tena: usijitibu nyumbani. Ugonjwa ukifika wiki ya tatu bila tiba sahihi, utumbo unaweza kutoboka. Tumbo huwa gumu, haligusiki, na hapo ni upasuaji wa dharura. Wapo wasioamka.

Kipimo cha Widal kimesema ninayo. Sasa nikanunue dawa?
Bado hapana! Widal hutafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na ambazo zinaweza kuwa zimebaki tangu ulipougua zamani. Karatasi hiyo peke yake haitoshi. Omba damu ioteshwe maabara, yaani iwekwe bakteria akue aonekane kama yumo, na itolewe kabla hujameza antibayotiki, maana ukishameza bakteria anaweza asionekane.

Homa imekwisha. Niache dawa?
Maliza dozi yote, hata ukijisikia mzima. Na kama kazi yako ni mama lishe au unapikia familia, usirudi jikoni mpaka daktari akuruhusu: aliyepona anaweza kuendelea kutoa bakteria chooni kwa miezi bila dalili yoyote.